Kipimo cha PET Nairobi: mashine safi, mapokezi bado

Watu wengi wananiuliza pembeni kuhusu kipimo cha PET (picha ya mwili ya kutafuta saratani) tulichompeleka mama mdogo Nairobi, naandika mara moja wote msome. Kituo sikitaji maana kuna vitu viliniudhi na sina hela ya wakili 😂

Mama mdogo ana limfoma ya Hodgkin, saratani ya matezi. Matezi ya shingo yalivimba, kila zahanati antibayotiki tu, mpaka walipokata kinyama wakakipima ndo ikajulikana. Daktari wake Arusha akasema kabla ya kemo tutafute PET, kwa sababu CT ya kawaida inaonyesha uvimbe uko wapi na una ukubwa gani, hii yenyewe inaonyesha seli zipi zinafakamia sukari. Wanakuchoma sukari iliyounganishwa na florini-18 yenye mionzi, saratani nyingi zina ulafi wa sukari kwa hiyo zinaivuta, mashine inasoma ilikojikusanya, na CT inapigwa hapohapo ili wajue ni kiungo gani.

Sasa huduma yenyewe. Muda wao hauna mchezo na nawaelewa, ile dawa nguvu yake inapungua nusu kila dakika 110, haikai stoo kama panadol, ukichelewa kwenye foleni ya Namanga dozi yako inaisha hukohuko kwenye chupa. Nesi alikuwa mstaarabu sana. Akampima sukari kwanza (ikizidi kama 11 mmol/L vituo vingi wanakuahirisha), akaweka kanula, halafu akaja na sindano iliyovalishwa chuma kizito, anaishika kwa mikono miwili utadhani kabeba tofali. Akamwambia, "Mama, sasa ni kupumzika tu, usiongee, usitafune kitu, simu ampe binti." Blanketi mbili, taa hafifu, kama saa nzima hivi. Mimi nikatolewa nje. Kumbe sababu ni kwamba msuli unaofanya kazi nao unakula ile sukari, ukipiga stori koo linawaka kwenye picha, na ukisikia baridi kuna mafuta fulani ya shingoni na mabegani nayo yanawaka, na kwa mtu mwenye matezi ya shingo hapo si wameshakuvurugia kila kitu? Baada ya hapo anaenda kukojoa, analala kwenye mashine kama nusu saa, imeisha. Haiumi.

Picha ukiziona mara ya kwanza utaogopa, maana panapowaka panaonekana peusi. Ubongo mweusi tii, kibofu cheusi tii, mama mdogo akaniuliza "imefika mpaka kichwani?" Hapana, ubongo kazi yake ni kula sukari na kibofu ndo njia ya kutokea, kwa kila mtu iko hivyo. Ndo maana pia saratani iliyosambaa kwenye ubongo PET inaweza kuikosa, hapo MRI ndo yenyewe. Yetu iliwaka shingoni na kifuani, na kadoa kamoja kwenye pafu, ila daktari hakukurupuka kusema ni saratani, akasema TB nayo inawaka vilevile tena kwa nchi zetu lazima uifikirie, akaagiza makohozi kwanza. Hapo nilimheshimu. Kipimo kinawaka, hakisemi ni nini.

Thamani ya hela yetu tuliiona kwenye PET ya pili, baada ya mizunguko 2 ya kemo. Wanatoa alama 1 mpaka 5 wakilinganisha matezi yanavyowaka na damu ya kifuani na ini, inaitwa Deauville, 1 mpaka 3 ni nzuri. Mama mdogo akapata 2. Kwa sababu hiyo daktari akaitoa bleomisini kwenye dawa zilizobaki, ile inayoharibu mapafu. Mama wa miaka sitini na kitu, asiyeweza kupanda ngazi bila kuhema, unadhani hiyo ni kitu kidogo?

Kero sasa. Meseji ya miadi ilisema "usile masaa 6" basi, hakuna aliyetuambia kwamba siku moja kabla upunguze wali, ugali, chapati na soda, wala usifanye kazi ngumu, tuliambiwa na mgonjwa mwenzetu aliyetangulia. Wenye kisukari ndo kabisa, ulizeni mapema kuhusu metformini maana inafanya utumbo uwake, ila msiiache wenyewe bila daktari. Halafu bei tuliyotajiwa kwenye simu haikuwa na dawa ndani yake, tukajua dirishani. Na ripoti ikatumwa kwenye simu ya mgonjwa kabla daktari hajaiona, kurasa nzima za namba za SUV (kipimo cha sehemu imevuta sukari kiasi gani), mama mdogo kakesha nazo anahesabu kubwa na ndogo. Huo ni ukatili jamani, hata kama hawakukusudia.

Mashine na nesi 5/5, mapokezi 2/5. Nitarudi? Ndio, ila kama daktari ana swali ambalo jibu litabadilisha matibabu. Kwenda tu "kuangalia mwili mzima" sikushauri, utachoma hela na mionzi bure.

Mnaotoka Arusha laleni Nairobi usiku wa kabla. Dai CD ya picha, karatasi peke yake haitoshi, daktari wa nyumbani atazitaka za mwanzo alinganishe. Na siku hiyo mgonjwa akae mbali kidogo na watoto wadogo na wajawazito kwa masaa kadhaa, kwa hiyo mjukuu wa kupakata aachwe nyumbani.