Mabaki ya mninga kwa lori la mtoto: yanafaa kiasi gani?

Msimu wa korosho ukifunguliwa Oktoba, mtoto wa Mtwara habanduki barabarani. Anahesabu matairi ya malori, anaiga honi, anataka na yeye lake. Kwa kazi ya kumtengenezea lori la mbao la kuchezea, mabaki ya mninga yanayopatikana kwa maseremala wa mjini tunayapa nafasi ya kwanza. Msonobari unakatika kirahisi, ila kona zake hubonyea na kumeguka mapema. Mpingo ni mzito mno kwa bodi: likimwangukia mtoto mguuni, ataumia. Mninga unakubali randa, na unyevu wa pwani hauuvimbishi sana.

Kasoro yake ni kwamba unauziwa fungu lililochanganywa. Vipande vyenye ukingo mweupe viache, weupe huo ndio chakula cha bungua, mdudu anayetoboa mbao. Gonga kipande, ukiona vitundu na unga laini unamwagika, kirudishe. Vumbi la mninga nalo huwasha pua na kifua, kwa hiyo piga msasa nje, vaa barakoa, na mtoto akae mbali.

Chasisi ni ubao wa sentimita 30 kwa 9, unene 2. Kichwa ni kipande cha sentimita 8 kila upande, na mbavu za bodi zina unene wa sentimita 1. Hapo hakuna ugumu wowote, gundi ya mbao na misumari midogo inatosha. Kazi iko kwenye magurudumu.

Wengi hukata tawi vipande vipande kama muhogo. Magurudumu hayo hupasuka, kwa sababu mti unapokauka hunywea zaidi kwa kuzunguka kuliko kuelekea kwenye kiini, na ufa unatoka katikati mpaka ukingoni. Chukua ubao mkavu, kata miduara ya kipenyo cha sentimita 6, gundisha miwili miwili huku nyuzi zikipishana msalaba. Seremala mwenye mashine atakukatia palepale, mwombe kabla hujalipia fungu.

Ekseli isiwe ya mninga. Nyuzi zake mara nyingi hupindana, na kijiti chembamba hukatika mtoto akilikalia lori. Hapa ndipo mpingo unapofaa: omba vijiti kwa wachongaji wa vinyago, uvichonge hadi milimita 8. Gundi iende kwenye gurudumu tu, isiguse chasisi. Tobo la chasisi liwe milimita 10. Likibana, lori litatembea vizuri Agosti, halafu mvua za Januari zikishika, ekseli inavimba na kukwama. Sugulia nta ya nyuki, si mafuta ya nazi, ambayo hayakauki na hukusanya mchanga. Ukizungushia gurudumu ukanda wa kandambili kuukuu, halitelezi kwenye saruji.

Mzigo uwe vifuko vya kitenge vyenye mchanga, vishonwe mara mbili. Korosho ghafi usimpe hata kama ndizo alizoziona kwenye lori: mafuta ya ganda lake hubabua midomo na ngozi, na mtoto mdogo kila kitu hukitia mdomoni.