Mita ya mwanga: shela halinidanganyi tena

Wadau, karibuni. Leo tuko nje ya studio, Mwanjelwa hapa Mbeya, na baridi letu mnalijua, msinicheke kwa hili koti. Mkononi nina Sekonic L-308X, mita ya mwanga. Inakula betri moja tu ya AA. Sifa nyingine zipo kwenye boksi, someni wenyewe. Mimi kilichonipagawisha ni hiki kiputo cheupe, kama mpira wa pimpong uliokatwa katikati.

Tazameni. Nimeazima sanamu mbili kwa fundi cherehani jirani: moja ina shela, nyingine suti nyeusi. ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), shata 1/125 ya sekunde. Naijaza kamera shela tupu, inasema f/16, yaani ukubwa wa tundu la lenzi: namba ikipanda, tundu linapungua na mwanga kidogo unaingia. Nahamia kwenye suti... f/4! Aisee, na zimesimama bega kwa bega! Kamera inasoma mwanga unaorudi kutoka kwenye nguo, halafu inachukulia kila kitu ni kijivu. Ukifuata shela, linatoka kama limelowekwa majivu na sura ya bibi harusi inazama gizani. Ukifuata suti, shela linaungua lote, hata ushanga huuoni.

Sasa mita. Naiweka hapa chini ya kidevu, kiputo kinatazama kamera, sio mbinguni. Nabonyeza... f/8. Kwa bwana harusi... f/8. Ngoja nirudie msiseme nimechezea. f/8! Inapima mwanga unaomwangukia mtu, kavaa nini haiihusu.

Najua mtaandika, "kaka, mbona kuna programu ya bure?" Ninayo. Inatumia kamera ya simu, kwa hiyo na yenyewe inaingia mtego wa shela. Flashi za studio ndio kabisa, haiziwezi. Hii inazipima.

Bei? Cha mtumba, laki tatu na nusu. Mama watoto hajaambiwa, msimtumie hii video.

Angalieni lakini: kiputo kinateleza pembeni kwa kidole. Harusi moja Uyole nilisahau kukirudisha katikati, nikapima hivyo hivyo mpaka keki. Hizo picha siwaonyeshi.

Jumamosi tunarekodi Tukuyu, kwenye mashamba ya chai. Walioulizia lenzi ya milimita 50, zamu yenu hiyo.

Eeh, subirini, wingu linashuka kutoka mlima Loleza. Kidevuni tena... f/5.6. Kamera kwenye shela... f/11. Bado inabisha! Dogo, usizime, lete ile sanamu huku.