Steringi anachechemea: Mission: Impossible – Fallout, nilivyoiona mara tatu

Mara ya kwanza nilisinzia. Nalisema mapema ili mtu asinihesabu kwenye wale mashabiki wa Tom Cruise wa kufa na kuzikana. Ilikuwa 2018, wiki chache baada ya filamu kutoka, kwenye ukumbi mmoja wa Dar ambao siutaji. Tulikwenda watatu: mimi, dada na shemeji. Kiyoyozi kilikuwa kinapuliza kama vile tumehifadhiwa tusioze, na miwani ya 3D niliyopewa ilikuwa na michubuko utadhani imesuguliwa na mchanga. Nusu ya kwanza ya filamu hii ina usiku mwingi, kwa hiyo nililipia giza ndani ya giza. Tulipotoka shemeji akauliza, "Sasa ule mpira wa tatu uliishia wapi?" Hakuna aliyemjibu. Tulikuwa tunatafuta daladala.

Tangu siku hiyo nimeirudia mara mbili, na sasa naitetea kwa yeyote anayetaka ubishi.

Kwa ambaye hajaiona: hii ni ya sita katika mfululizo ulioanza 1996, na Christopher McQuarrie ndiye mwongozaji wa kwanza kurudi kwenye mfululizo huo baada ya kuongoza filamu iliyotangulia. Kabla ya hapo kila moja ilikuwa na mwongozaji wake. Jasusi Ethan Hunt, ambaye ni Tom Cruise, yuko Berlin kununua mipira mitatu ya plutoniamu kabla haijafika kwa wabaya. Mambo yanaharibika, rafiki yake Luther anashikiwa bunduki kichwani, na Ethan inabidi achague: mtu au mzigo. Anachagua mtu. Mzigo unakwenda. Saa mbili zinazofuata ni kulipa deni la uamuzi huo, Paris, London na Kashmir. CIA nayo haimwamini tena, inampachika mtu wake amchunge, August Walker, ambaye ni Henry Cavill mwenye masharubu. Masharubu hayo yana kesi yake. Alikuwa nayo wakati anaitwa kurudia baadhi ya vipande vya filamu nyingine, Justice League, studio ya Fallout ikakataa asinyoe, basi kule ikabidi wayafute kwa kompyuta, na mdomo ukatoka kama umechomwa ganzi. Mimi nasema walifanya vizuri kumkatalia. Masharubu yale ni nusu ya uigizaji wake.

Mara ya pili sikupanga. Nilimtuma mpwa wangu, mtoto wa kaka, akabadilishe mtungi wa gesi. Saa nzima kimya, maharage yako nusu. Nikatoka kumfuata, na mtungi nikaukuta umesimama mlangoni pa kibanda umiza, mtupu vilevile. Nikainama kuingia nikiwa nimeshaandaa maneno. Ndani mabenchi yamejaa, sabufa inatetemesha mabati, na kwenye televisheni ni pale mwanasayansi wa mabomu amelala kitandani hospitalini, mtangazaji Wolf Blitzer anatangaza kwamba miji mitatu mitakatifu imelipuliwa. Mwanasayansi anafurahi, anafungua siri ya simu yake. Hapo kuta za chumba zikaanguka. Hakukuwa na hospitali wala mlipuko, na mtangazaji akajivua sura, kumbe ni Benji, mwenzake Ethan. Kibanda kizima kilipiga ukelele mmoja. Kijana aliyekuwa pembeni akasogea bila kunitazama: "Kaa hapa dada, mia tano utalipa baadaye." Nikakaa. Mpwa wangu alikuwa benchi la mbele, akageuka, akaniona, akageuka tena mbele haraka kama aliyeona polisi.

Ilikuwa ile iliyotafsiriwa, sauti ya mtafsiri inapita juu ya Kiingereza. Huyu alimwita Walker "Sharubu", Luther akawa "Mzee Kofia", na Ethan hakuwa na jina kabisa, alikuwa steringi tu, yaani shujaa wa filamu. Sasa sheria ya kibanda umiza mnaijua: steringi hafi. Hakuna anayekaa pale akihofia kwamba Tom Cruise atakufa. Watu wanakaa kuangalia atateseka kiasi gani, na kama mateso yenyewe ni ya kweli au ni ya kudanganya. Kwa hilo sijaona mahakimu wakali kama wale.

Ikaja ile ya kuruka kutoka kwenye ndege juu ya Paris, usiku, radi zinapiga, Sharubu anazimia hewani na steringi anamfuata kumwekea oksijeni. "Kompyuta hiyo," mmoja akasema. "Kompyuta," wakaitikia wengine, kama wanaitika dua. Na mimi nikaitikia kimoyomoyo, maana ukumbini nilisema hivyohivyo.

Choo cha klabu kule Paris ndicho kilichonimaliza. Steringi na Sharubu wawili wanamkabili mtu mmoja, Liang Yang, ambaye kazi yake hasa ni michezo ya hatari, na anawapiga wote wawili. Hakuna muziki. Unasikia viatu kwenye marumaru, kioo, pumzi, bomba linang'oka. Cavill anafika mahali anakunja mikono na kuikunjua kama mtu anayekoki bunduki, kisha anarudi ulingoni. Mtafsiri mwenyewe alinyamaza. Kwa mtafsiri wa muvi kunyamaza hiyo ni sifa kubwa, kwa kawaida hata mlango ukifungwa anauelezea.

Halafu pikipiki. Anapita Paris mchana kweupe bila helmeti, anaingia kwenye kile kipilefti kikubwa kinachozunguka Arc de Triomphe, na anakizunguka kinyume, magari yanamjia usoni. Nyuma yangu walikuwa bodaboda wawili wameacha chombo nje. Mimi nilikuwa naangalia magari, wao walikuwa wanamwangalia yeye. "Ona shingo," mmoja akamwambia mwenzake. "Haangalii chombo, anaangalia anakokwenda. Huyo anaendesha mwenyewe." Mwenzake akasema pale kwetu angeshapigwa tochi na trafiki mara tatu, lakini akakubali. Baadaye nilihakikisha: ni Cruise mwenyewe juu ya ile pikipiki.

Tukafika London. Anakimbia juu ya mapaa huku Benji akimwelekeza kwa simu kutoka kwenye ramani, hajui kwamba hiyo barabara anayomwambia anyooshe ni dirisha la ghorofani. Watu wanacheka. Anaruka kutoka jengo moja hadi jingine, anagonga ukuta, anajivuta juu, anapita mbele ya kamera akichechemea. Sekunde chache tu. Na katikati ya kicheko kijana mmoja anayechezea timu ya mtaani kwetu, aliyekuwa ameegemea nguzo, akasema taratibu, "Huyu kaumia. Kifundo hicho kimekwenda."

Hakuna aliyekuwa amemwambia. Mimi mwenyewe sikujua. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Agosti 2017, wakati wa kupiga kipande hicho, Tom Cruise, miaka 55, alivunjika kifundo cha mguu alipogonga ule ukuta, akajivuta hivyohivyo, akavuka mbele ya kamera ili kipande kisipotee. Upigaji picha ulisimama kwa wiki kadhaa. Mguu unaouona ukipinda kwenye filamu ndio uliovunjika.

Usiku ule, baada ya gesi kubadilishwa na maharage kuiva saa nne, nilikaa na simu nikaanza kutafuta filamu hii ilivyotengenezwa. Ndipo nilipogundua kwamba kuruka kwa ndege, kule tulikokukataa kibanda kizima, nako ni kweli. Waliruka kule Abu Dhabi, futi 25,000, zaidi ya mara 100, kwa sababu walitaka kipande kipigwe jioni wakati jua limezama lakini mwanga haujaisha, na mwanga huo hudumu dakika chache tu kwa siku. Ukikosea, unarudi kesho. Mpiga picha Craig O'Brien aliruka naye kamera ikiwa kwenye helmeti, anaanguka kinyumenyume, anatakiwa amweke Cruise kwenye picha bila kumwona kwenye skrini yoyote. Helmeti ya Cruise iliundwa upya na taa ndani ili sura ionekane. Kazi yote hiyo, kisha wakaja wakaipaka juu yake radi, mawingu na taa za Paris kwa kompyuta, na watu wa Tandika wakaona kompyuta tu.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaoimba kwamba kuruka kule ndiyo stanti kubwa ya filamu. Ni kubwa kwa aliyeifanya. Kwa anayetazama, wameizika wenyewe. Walikuwa na mtu anayeanguka kweli kutoka mbinguni, wakaona haitoshi, wakamwongezea dhoruba. Ile ya kifundo haina pambo lolote: ukuta, mguu, mtu anachechemea, na mcheza mpira wa mtaani anajua hapohapo. Ningekuwa mimi ningeifuta radi yote.

Helikopta kule mwisho ni kesi nyingine. Hadithi inasema ni Kashmir, milima ni ya New Zealand, na lile jabali la mwishomwisho ni Preikestolen ya Norway, lenye urefu wa mita 604 kutoka juu hadi majini. Cruise alijifunza kurusha helikopta kwa ajili ya hiki kipande, na kamera inakaa naye ndani ili usiwe na pa kubishia. Kuna pale anapanda kamba, anateleza, anaangukia mzigo unaoning'inia chini. Kibanda kizima kilishika vichwa. Hapo hakuna aliyesema kompyuta, labda kwa kuwa ni mchana, na uso unauona.

Lawama ninazo. Bomu linahesabu dakika 15 na zile dakika ni za Kiswahili hasa, zinavutika. Mtu anapanda kamba, anaiba helikopta, anajifunza kuiendesha, anafukuzana, anaanguka mlimani, wanapigana, na bado saa inahesabu. Shemeji aliangalia saa yake ukumbini, na hajasahau. Hadithi nayo ina mafundo mengi mno: nani ni John Lark, nani anamgeuka nani, barakoa juu ya barakoa. Mara ya kwanza nilipotea, na nasema kosa si la miwani peke yake. Solomon Lane, mbaya mkuu, wa Sean Harris, anatisha kwa sauti ile ya chini, lakini muda mwingi ni furushi tu la kuhamishwa gari hili hadi lile.

Wanawake sijaridhika nao wote. Ilsa wa Rebecca Ferguson anatosha filamu nzima peke yake, anapigana akiwa na akili usoni. White Widow, dalali wa silaha, wa Vanessa Kirby, alistahili nafasi zaidi. Julia, mke wa zamani wa Ethan, anatokea mwisho kwenye kambi ya matibabu akiwa na mume mwingine, hana ugomvi wala kinyongo, na dada yangu alilia pale kuliko popote. Mimi nilikuwa nimesinzia, kama nilivyosema.

Mara ya tatu ilikuwa 2025. Filamu ya nane ilikuwa imetoka, vijana wanabishana ipi ni bora, na wengi wanataja ile pikipiki ya kwenye jabali ya 2023. Tukaamua kuirudia Fallout nyumbani, bila miwani, picha ya kawaida, televisheni ya kukopa na ile sabufa ya jirani. Nawaambia kweli, ukitaka kuiona iangalie hivyo: skrini angavu, sauti nzito, achana na 3D. Mlio ule wa Lalo Schifrin ukianza na utambi ukawaka, hata mama aliyekuwa anakwenda kulala alirudi kukaa.

Mpwa wangu sasa ana sauti nzito na simu yake mwenyewe. Tulipofika London aliomba rimoti. Akakirudisha kile kipande, akakisimamisha mguu ukiwa ukutani, umepinda kama tawi. Kimya. Shemeji akasogea karibu na skrini, akavua miwani yake ya kusomea, akaivaa tena. "Na huyu mtu akaendelea kukimbia," akasema. "Alipita kamera tu, anko," mpwa wangu akamjibu, "halafu ndiyo kazi ikasimama."

Tukaendelea. Filamu ilipoisha akairudisha hadi Paris, pale White Widow anapotoa mpira mmoja wa plutoniamu kama malipo ya awali ili Lane atolewe mikononi mwa polisi. Mpwa wangu akanyoosha kidole: "Ule pale wa tatu. Wanao wenyewe tangu hapo."

Miaka saba. Shemeji akasema kwamba hilo alikuwa analijua siku zote.