Kozi ya opsheni ya Jumamosi tatu: uzoefu wangu baada ya miaka 26 kwenye kahawa

Nimelipa shilingi 450,000 kwa Jumamosi tatu za kujifunza opsheni, yaani haki ya kununua au kuuza kitu baadaye kwa bei mliyopatana leo; ukumbi wa ghorofani Mikocheni, kiyoyozi kinapuliza upande mmoja tu. Chai na vitafunwa vimo ndani ya bei, na sambusa zao sina neno nazo.

Niseme mapema kwamba mimi si mgeni wa mambo haya. Niliingia kampuni ya kusafirisha kahawa nje mwaka 1996, ofisi yetu karibu na bandari, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kutuma faksi London na kukaa nisubiri jibu. Nimestaafu 2022. Huko Mikocheni nilifuata mtoto wa dada yangu. Alikuwa ameuza bodaboda zake mbili na ameshalipa ada, nikaona bora nikae kiti cha pembeni nisikie anafundishwa nini kabla pesa haijaondoka.

Mwalimu anajua kufundisha, hilo nampa bila kinyongo. Hakuanza na fomula, alianza na kiwanja Kigamboni. Umekipenda, bei milioni 20, hela yote huna. Unampa mwenyewe laki tano akushikie kwa miezi mitatu kwa bei hiyo hiyo. Barabara ikipita na kiwanja kikafika milioni 30, unamalizia na kuchukua chako. Isipopita, unaachana nacho, laki tano imekwenda na hakuna wa kukudai zaidi. Watu wa pwani wanaijua arbuni tangu zamani, kwa hiyo darasa zima lilielewa ndani ya dakika kumi. Mimi enzi zangu bosi alinirushia hesabu za Black na Scholes za mwaka 1973, fomula ya kukadiria bei ya opsheni, na ilinichukua karibu mwaka kugundua kwamba kumbe ni arbuni yenye bei iliyopigiwa hesabu.

Kisa cha mafuta cha Aprili 20, 2020 nacho alikieleza vizuri: mkataba wa kupokea mafuta ghafi ya Marekani mwezi Mei ulifunga kwenye dola 37.63 kwa pipa chini ya sifuri, kwa sababu mkataba unakwisha kesho yake, matangi ya Cushing, Oklahoma, ambako mafuta hayo hupokelewa, karibu yote yameshajaa au yameshakodiwa, na mwenye karatasi hana pa kuyapeleka mapipa. Watu walicheka. Mama mmoja mwenye duka Kariakoo akasema ni kama nyanya za Ijumaa jioni, unamlipa mtu azibebe. Kamaliza.

Shida ilianza Jumamosi ya pili, somo la kuuza opsheni. Kuuza, si kununua: sasa wewe ndiye mwenye kiwanja, unapokea laki tano na mnunuzi akitaka lazima umpe kwa bei mliyopatana. "Hii ni nyumba yako ya kupangisha," mwalimu alisema, "kila mwezi unapokea kodi." Akaweka mchoro unaopanda taratibu kama ngazi. Simu zote juu, picha. Mpwa wangu akanigusa kiwiko, macho yanang'aa.

Nilinyoosha mkono nikaomba kusimulia, nikapewa dakika tano. Julai 2021 tulikuwa tumeuza opsheni kumi za kahawa ya arabika kwenye soko la New York, kila moja ikimpa mnunuzi haki ya kununua kwa senti 190 kwa ratili. Tulipokea senti tatu kwa ratili. Opsheni moja ni ya loti moja, ratili 37,500, kwa hiyo "kodi" yetu ilikuwa dola 11,250. Kwenye karatasi tulikuwa salama kabisa, maana kahawa yenyewe tulikuwa nayo, ya msimu mpya, imelala ghalani Mbozi. Bei ikipanda, si na mzigo wetu unapanda?

Julai 20 jalidi, baridi ya kugandisha, ikaunguza mibuni ya Minas Gerais huko Brazili, na ndani ya wiki bei ikavuka senti 200. Dalali akaanza kupiga simu kudai dhamana iongezwe, yaani pesa anayoshika kufidia hasara yetu, kwa dola taslimu, si kwa ahadi. Ofisini neno lao la Kiingereza, margin, tulilitamka "majini", na kwa kweli yalikuwa yanatupanda. Magunia yaliyoko Mbozi, safari ya siku nzima ya basi, hayalipi deni la New York saa tatu usiku. Benki ikasema subirini kamati. Mwishowe tulizinunua zile opsheni kwa senti 22 ili tufunge hesabu: dola 82,500 kuondoa kitu kilichotuingizia 11,250. Kahawa iliuzwa kwa bei nzuri, ndiyo, lakini miezi mitatu baadaye. Mahesabu yetu ya bei yalikuwa sawa. Tulichokosa ni hela ya kufikia asubuhi.

Mwalimu alinishukuru sana, akasema huo ni "mfano wa zamani", akaendelea na ngazi yake. Kwenye kijitabu cha kurasa 60 dhamana imepewa nusu ukurasa. Nimehesabu.

Halafu kuna kijana wa Mtwara aliyeuliza kama anaweza kununua kinga ya bei ya korosho. Jibu la kweli ni fupi: korosho haina soko la opsheni kama kahawa, inakwenda kwa stakabadhi ghalani na mnada, kupitia Soko la Bidhaa, TMX. Akaambiwa atumie opsheni za kahawa "kwa sababu mazao huenda pamoja". Jamani. Jalidi ya Brazili na mnada wa Mtwara wapi na wapi? Nilimfuata yule kijana kwenye ngazi tukaongea.

Niliuliza pia kuhusu leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Wakasema wao ni walimu, si madalali. Lakini kiungo cha kufungulia akaunti nje ya nchi ni chao, na kila anayeingia kupitia hapo wanapata kamisheni. Hili nililipata kwa kusoma maandishi madogo, halikusemwa ukumbini.

Nawapa nyota tatu kati ya tano: moja ya kiwanja cha Kigamboni, moja ya mafuta, na moja ya akaunti ya mazoezi, ambayo ina bei halisi na pesa ya bandia na unabaki nayo miezi sita. Ukienda, Jumamosi ya pili kaa karibu na mlango.

Mpwa wangu alikubali aanze na ile ya mazoezi. Aliuza opsheni nane wiki ya kwanza, akanitumia picha ya faida na vicheko. Wiki ya tatu, saa nne kasoro usiku, simu ikaita.

"Shikamoo mjomba. Yamepiga simu."

"Marahaba. Nani?"

"Majini."

Nikamwambia alale, hela yenyewe si ya kweli. Bado alinipigia tena saa sita.