Uzoefu wangu na They Might Be Giants, bendi ya tangu 1982

Kwanza niseme hii sio miziki ya shughuli, ukiiweka kwenye harusi hapa Ngamiani wamama watakutoa wewe na spika yako. Ni pop ya Kimarekani ya ajabu ajabu hivi, kodiani, sauti za puani, mashairi unacheka halafu unabaki unawaza jamaa kamaanisha nini. Mi nimenunua mafaili kabisa, nayapiga kwenye simu nikiwa kijiweni natengeneza baiskeli, maana bando silitegemei.

Wenye bendi ni wawili, wote John, Flansburgh na Linnell, wa Brooklyn. Kilichofanya niwafatilie ni jinsi walivyoanza, Linnell alianguka na baiskeli akavunjika mkono (fundi mie roho iliniuma), Flansburgh nae wezi wakamwingilia nyumbani wakambebea vitu, sasa shoo hawawezi kupiga, wakaona isiwe tabu, wakachukua ile mashine ya simu inayopokea ujumbe usipokuwepo wakarekodi nyimbo humo, namba wakaitangaza gazetini, unapiga unasikia wimbo, siku nyingine unapiga unakuta mwingine. Wakaiita Dial-A-Song. Na 1999 wakatoa albamu nzima, Long Tall Weekend, kwa MP3 tu, kipindi hicho sisi huku bado tunarudisha kanda kwa kalamu aisee.

Walishakaa na kampuni kubwa pia, Elektra, ndo ikatoka albamu ya Flood ya 1990, wimbo wake Birdhouse in Your Soul ukafika namba 6 Uingereza. Walivyoachana nao hawakufa, wimbo wa tamthilia ya Malcolm in the Middle ukawapa tuzo ya muziki ya Grammy 2002, siku hizi wanatoa kazi kwa lebo yao wenyewe, Idlewild.

Ila hela yangu imerudi kwenye albamu zao za watoto. Here Comes Science ya 2009 kuna wimbo wa zamani, sio wao, unasema jua ni gesi inayowaka, ukiisha tu wimbo unaofata wanaukosoa huo huo waliotoka kuuimba, eti jua sio gesi ni plazma (kama gesi hivi, ila ya moto mkali mpaka chembe zake zina umeme). Mtoto wa dada yangu yuko la nne, Kiingereza chake cha kuunga unga, lakini hilo neno plazma kalidaka na sasa anabishana na mtaa mzima.

Kilichoniboa ni albamu ya Apollo 18 ya 1992. Kuna kitu humo kinaitwa Fingertips, vipande 21, vingine sekunde chache tu, wamekata makusudi ili ukicheza nyimbo kwa kuchanganya viwe vinachomoza katikati. Kwao utani, kijiweni kwangu wateja wanauliza simu imekufa?

Nyota nne. Kama una hela ya albamu moja na nyumbani kuna watoto chukua Here Comes Science, kama hamna watoto chukua Flood, Apollo 18 hiyo subiri kwanza.