Visiwa vya bei nafuu: kabla ya kulipia chumba, uliza maji yanapwa saa ngapi

Kila baada ya likizo za Julai na Desemba lalamiko ni lile lile, litoke kwa Mkenya, kwa Mtanzania au kwa mtoto wa nyumbani aliyekuja kutoka Muscat: "Tulilipia chumba cha ufukweni, asubuhi tunafungua dirisha, bahari haipo." Bahari haijahama. Imepwa, iko huko mbele kwenye mwamba, na itarudi jioni. Mwenye hoteli alijua. Ile picha iliyowauzia chumba ilipigwa maji yamejaa pomoni.

Bei ya kitanda, intaneti na feni kila mtu anaziona kwenye simu yake, kwa hiyo sitazirudia. Msafiri wa begi mgongoni huumizwa na maji. Hana gari la kumpeleka ufukwe mwingine, wala hoteli yake haina bwawa la kuogelea la kumpoza mpaka bahari irudi.

Hesabu ya maji

Pwani yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi, ndiyo maana kila siku maji huchelewa kwa karibu dakika 50. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya kina kati ya kujaa na kupwa pale Unguja hukaribia mita 4. Siku za maji mafu, mwezi unapokuwa nusu, hushuka hadi karibu mita 1.

Wageni wengi hawajui kwamba saa za bamvua ni zile zile mwaka mzima. Unguja na Mombasa, bamvua hupwa kati ya saa nne na saa tano na nusu asubuhi, ikajaa kwenye saa kumi au kumi na moja jioni. Maji mafu ni kinyume: hujaa kuanzia saa nne asubuhi hadi adhuhuri, na yakipwa hayaendi mbali.

Programu ya simu ya kulipia ili ujue saa za maji, ya nini? Kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa ukutani inatosha. Tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 ni bamvua. Tarehe 8 hadi 10 na 23 hadi 25 ni maji mafu. Kwa ufukwe wenye mwamba, chukua chumba siku za maji mafu na utapata bahari karibu mchana kutwa. Ukienda siku za bamvua, hesabu mwenyewe: maji yanakuwa ya kuogea kama saa mbili na nusu kabla na baada ya kujaa, na jua linazama baada ya saa kumi na mbili. Umelipia siku nzima, ukapewa saa nne za jioni. Bamvua za Machi na Aprili, na za Septemba na Oktoba, ndizo kali kuliko zote.

Na ukiamua kutembea hadi mwambani maji yakiwa yamepwa, geuka saa ile ile ya kupwa, usisubiri uone maji yanarudi. Saa ya kwanza hupanda kidogo tu. Saa ya tatu na ya nne ndipo hukimbia, na karibu nusu ya maji yote huingia katika saa hizo mbili, yaani mita 2 siku ya bamvua. Hujaza kwanza mikondo iliyo nyuma yako, upande wa nchi kavu, wewe ukiwa bado umesimama pakavu unapiga picha. Vaa yeboyebo, kwa sababu ya wale viumbe wa mviringo wenye miiba mirefu myeusi: mwiba wake hukatikia ndani ya nyayo.

1. Lamu

Kati ya visiwa vinne ninavyovipanga hapa kwa mwenye begi mgongoni, Lamu naiweka ya kwanza na sitajifanya nimepima kwa mizani. Shela ina ufukwe wa kilomita 12 hivi, mchanga mtupu chini, bila mwamba wa kukuzuia. Maji yakipwa ufukwe unapanuka tu, unatembea hatua kadhaa zaidi na unaoga. Bamvua au maji mafu, siku yako haiharibiki. Angalizo moja: pale mwanzoni, karibu na kijiji, mkondo wa mlango wa bahari una nguvu. Songa mbele kwenye vilima vya mchanga, ndipo uingie, na miezi ya upepo wa kusi (Juni hadi Septemba) usiende mbali kwa sababu mawimbi yanakuwa makubwa.

Usilale Shela. Huko kuna majumba ya matajiri na bei zao. Lala mji wa kale, Mkomani au Langoni, kisha utembee kandokando ya bahari kilomita 3 hivi. Omba chumba cha juu kabisa, darini kuna upepo. Vyumba vya chini vya nyumba za mawe vina fukuto na havioni jua. Uliza pia maji ya bomba yanatoka saa ngapi na kama kuna tangi. Maji ya mji yanatoka kwenye visima vya vilima vya mchanga vya Shela, na msimu wa wageni wengi hayatoshi. Chakula hakina shida: asubuhi mahamri na mbaazi, jioni viazi karai na mishkaki, bei ya mtu wa kawaida.

Njia ni basi la Mombasa hadi Mokowe, safari ya saa saba au nane, kisha boti. Kata tiketi ya basi la alfajiri. Barabara ya kutoka Garsen kupita Witu ina historia ya mashambulizi, mabasi husimamishwa na abiria hukaguliwa vitambulisho, kwa hiyo usiku si wakati wake. Fuatilia hali kabla ya kuondoka. Pale gatini Mokowe, panda boti ya abiria wote. Atakayekupokea begi kabla hujauliza bei anakupeleka kwenye boti ya kukodi. Wiki ya Maulidi vyumba hujaa na bei hupanda. Maulidi nayo hufuata mwezi, kwa hiyo tarehe yake hubadilika kila mwaka.

Ukitaka kuendelea hadi Pate, kumbuka kwamba boti hupita Mkanda, mlango mwembamba ambao maji yakipwa haupitiki vizuri. Saa ya kuondoka hupangwa na maji. Uliza nahodha jana yake, usiamini ratiba ya mtu wa hotelini.

2. Unguja, lakini upande gani?

Hapa ndipo kupwa na kujaa kunapokula pesa za watu. Pwani ya mashariki yote, kuanzia Matemwe, Pwani Mchangani na Kiwengwa hadi Bwejuu, Paje na Jambiani, ina mwamba mbali na ufukwe na katikati maji mafupi. Bamvua ikipwa, kinachobaki ni uwanda wa mchanga na matope mepesi, ngalawa zimelala ubavu, maji yanafika kifundo cha mguu. Jambiani saa hiyo ina kazi yake: akina mama wanashuka na magunia, wanakaa ndani ya maji kati ya safu za vijiti, wanafunga vipande vya mwani kwenye kamba kimoja kimoja. Kilimo hicho kilianza huko mwaka 1989. Usipite katikati ya vijiti na usivute kamba ili upate picha. Lile ni shamba la mtu.

Kwa bei, mashariki ndiko kwenye vitanda vya chumba cha pamoja, hasa Paje na Jambiani. Kwa hiyo nenda, ila kwa tarehe za maji mafu. Kati ya hayo mawili chagua Jambiani. Paje imegeuka mji wa wapeperusha vishada juu ya maji, na kipindi cha kusi, tangu Juni hadi Septemba, kamba zao zinapita juu ya kichwa chako na bei zinawafuata wao.

Nungwi na Kendwa ufukwe unashuka haraka, unaoga saa yoyote, hasa Kendwa. Ndiyo maana ni ghali. Anayebana matumizi alale Nungwi ndani kijijini, nyuma ya barabara, aende Kendwa kwa miguu ufukweni maji yakiwa yamepwa. Yakijaa, kipande cha njia chini ya majabali hufunikwa, kwa hiyo panga saa ya kurudi kabla hujaondoka.

Daladala ni namba 116 kwenda Nungwi, 309 Jambiani, 324 Bwejuu kupitia Paje. Nauli ni ya shilingi chache. Teksi kwa safari hiyo hiyo ya Nungwi ni kawaida kutajiwa dola 40. Bandarini utakutana na papasi, wale vijana wanaowavizia wageni wawauzie huduma. Salamu ya heshima, "nashukuru, nimeshapata," na miguu isisimame. Tiketi ya boti ya Dar es Salaam nunua kwenye dirisha la kampuni yenyewe; kijana wa nje anayesema dirisha limefungwa, mara nyingi amelifunga yeye kwa maneno.

Kisha kuna yale malipo yasiyo kwenye picha. Tangu Oktoba 2024 mgeni wa kutoka nje ya nchi analipa bima ya Zanzibar, dola 44, hata akija kulala siku tatu. Kuna kodi ya miundombinu kwa kila mtu kwa kila usiku, na hoteli nyingi huitaja unapokabidhi ufunguo. Andika ujumbe kabla ya kulipa: "Bei hii ni pamoja na kodi zote?" Jibu likiwa "utaona ukifika," tafuta kwingine. Kanuni za Machi 2025 zimekataza bei za huduma za ndani kutajwa kwa fedha za kigeni, ila ukiuliza chumba ufukweni bado kuna mahali utajibiwa kwa dola, kisha ubadilishiwe kwa kiwango cha mwenye hoteli. Mwenye kiu ya dola hukuongezea mara mbili: kwenye bei na kwenye kubadilisha.

3. Mafia

Kisiwa kizuri chenye mtego mmoja. Utende, kwenye hoteli zote za kwenye picha, iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia, na mgeni wa nje analipa takriban dola 24 kwa kila siku anayokuwa ndani, awe amezamia au amelala tu kwenye bembea. Siku tatu ni zaidi ya dola 70 kabla hujalipia kitanda. Mtanzania analipa sehemu ndogo tu ya hizo. Na ufukwe wa Utende ukipwa haukupi cha kuogelea. Watu huenda kule kwa ajili ya kuzamia Ghuba ya Chole.

Anayebana matumizi alale Kilindoni, nje ya hifadhi. Papa potwe, wale wakubwa wasiouma, huja upande huo huo wa magharibi tangu Oktoba hadi Februari, kwa hiyo hukosi kitu. Boti ya kwenda kuwaona inauzwa kwa kichwa, lakini gharama yake ni mafuta na nahodha. Mkiwa sita, ulizeni bei ya boti nzima.

Kufika: basi kutoka Mbagala Rangi Tatu hadi Nyamisati, kisha kivuko cha MV Kilindoni. Thibitisha saa ya kuondoka siku moja kabla, na upange uwezekano wa kulala Nyamisati. Pesa taslimu chukua Kilindoni mjini, kuna NMB.

4. Pemba

Watu huiuza kama Unguja ya zamani, bei ya zamani. Si kweli kwa mwenye begi mgongoni. Sehemu kubwa ya pwani yake ni mikoko, na nyumba za wageni za bei nafuu ziko Chake Chake na Wete, mjini, mbali na mchanga. Ufukwe wa kweli ni Vumawimbi, kaskazini, kupita msitu wa Ngezi wenye popo wa Pemba. Daladala itakufikisha Konde, kisha bodaboda. Elewana naye saa ya kukurudia kabla hajaondoka, ubebe maji na chakula. Misali ni boti ya kukodi kutoka Wesha, na kwa mtu mmoja bei haiingiliki.

Ya nne si kwa ubaya. Anayependa karafuu zilizoanikwa barabarani na mji usio na papasi ataipenda kuliko zote. Ila mlango wa bahari kati yake na Unguja ni mkali wakati wa kusi. MV Spice Islander ilizama huko Septemba 2011. Boti ikionekana imejaa kupita kiasi, shuka, hata kama tiketi imeshakatwa.

Vya karibu

Mbudya na Bongoyo ni vya siku moja kwa mkazi wa Dar es Salaam: boti za Mbudya hutoka Kunduchi, za Bongoyo hutoka Msasani, beba chakula chako. Wasini, ng'ambo ya Shimoni, ni mawe ya matumbawe. Nenda kwa samaki na utulivu, mchanga usiutarajie. Kilwa Kisiwani ni magofu, na vyumba viko Kilwa Masoko.

Kokote utakakokodi boti, taja mambo manne mbele ya nahodha na mbele ya shahidi: bei ni ya boti nzima au ya kichwa, mafuta yamo, ada ya hifadhi analipa nani, na mtarudi saa ngapi. Saa ya kurudi ndiyo inayozua ugomvi. Mkiondoka maji yamejaa na kurudi yamepwa, boti itatia nanga mbali, na mtashuka na mabegi kichwani mkiambiwa kuna mtumbwi wa kuwafikisha nchi kavu, kwa elfu tano kila mmoja.