Nimepeleka ampu ya marehemu baba kwa fundi, nikarudishiwa bomu

Naandika kabla hasira haijapoa, makosa mnisamehe.

Ampu, yaani kikuza sauti, ni ya Kijapani, ya miaka ya 1970, ile yenye mbavu za mbao. Tangu masika inavuma: mmmmm, hata sauti ukiifunga kabisa. Mvumo wa namna hiyo mara nyingi ni zile kapasita kubwa mbili, vile vikopo vya kutunza umeme, kando ya transfoma. Majimaji ya ndani yamekauka, haziwezi tena kutuliza umeme. Hilo nalijua, sikwenda kwa fundi kama kipofu. Nikamwambia: fundi, badilisha hizo mbili, na zile ndogo za elektrolitiki, zenye majimaji vilevile, ukizipima ukakuta zimechoka. Za plastiki usiziguse, hazizeeki ovyo.

Akanitazama toka kichwani mpaka kwenye kandambili. "Dada, umekuja kutengenezewa au kunifundisha?" Wenzake wakacheka. Mmoja alicheka mpaka akaweka chapati chini.

Haya. Aliahidi siku mbili, nikaichukua baada ya wiki kama tatu hivi. Nyumbani, wimbo wa pili haujaisha, paa! Moshi, na harufu ya samaki aliyechina. Spika zimepona kwa rehema za Mungu tu. Nafungua: za zamani zilikuwa za kuhimili volti 63, yeye kaweka za 35! Na pale panasimama volti 42, nimepima mwenyewe. Ukiweka kapasita ya kuhimili volti zaidi si neno, ukiweka ya pungufu, umetega.

Nikarudi. Jibu? "Za siku hizi zina nguvu kuliko za zamani." Nguvu! Kopo limefumuka, utumbo nje! Sikubishana. Nililiweka mezani kando ya chai yake.

Nyota moja. Sifuri ingekuwepo ningempa.

Ila nisimdhulumu. Alinyamaza, akaingia ndani, akatoka na mbili za volti 63, zile za kuhimili joto la nyuzi 105, akazichomelea nimesimama palepale, hakutaka hata senti. Na kuchomelea anajua jamani, risasi inang'aa kama shanga. Mvumo kwisha. Jana usiku nimemsikia mpiga besi ambaye miaka yote nilidhani hayumo kwenye ile santuri.

Basi mbili. Tatu simpi ng'o, maana kapasita za baba zenyewe nilimwomba anirudishie, akasema alishampa mtoto achezee.